Hisabu ya Uzuri katika Nchi ya Skyrim

Gemu ya Skyrim, iliyoundwa na Bethesda Game Studios ya Marekani na kutolewa tarehe 11 Novemba 2011, imepambwa na wachezaji wake kuliko gemu nyingi zilizopata kutungwa, maana waundaji wenyewe waliwatolea watu zana ya kuibadilisha mnamo Februari 2012, na maana nchi yenyewe, kwa milima yake ya theluji, misitu yake ya misonobari na miji yake ya mawe na mbao, humtia kila apitaye humo shauku ya kuiona kwa uwazi zaidi kuliko ulivyoruhusu uwezo wa mitambo ya wakati ule. Katika hazina ya Nexus Mods yamo mapambo ya kila namna: nyuso mpya, maji mapya, nyasi, mawe, mawingu na nuru. Mwenye kuyachagua huongozwa aghalabu na picha mgando zilizotundikwa kando ya kila modi, yaani kila pambo la namna hiyo, na hapo ndipo upotofu unapoanzia, kwa kuwa picha mgando haina wakati ndani yake. Haisemi kama ilichorwa kwa sehemu ndogo ya sekunde au kwa sekunde nzima, ilhali gemu huishi katika mwendo, na mwendo unapokatikakatika uzuri wote uliogharimiwa hupotea mbele ya macho. Nashikilia kwamba ulaini wa mwendo ni sehemu ya uzuri wenyewe, tena sehemu ya kwanza, na kwamba fundi anayeipamba Skyrim yampasa apime kila pambo kwa muda linaoutumia kabla hajalipima kwa sura yake.

Muda huo unahesabika bila shida. Anayetaka fremu 60, yaani picha kamili 60, kwa sekunde amejifunga kumaliza kila fremu kwa milisekunde 16.7, na ndani ya kipande hicho cha wakati prosesa sharti iamue mahali alipo kila mtu, kila mbwa na kila tawi, kisha itoe amri za kuchora, na kadi ya grafiksi itekeleze amri hizo hadi pikseli ya mwisho. Kuivuka 60 katika Skyrim si busara bighairi ya marekebisho maalumu, kwa sababu hisabu za Havok, zile zinazoendesha mianguko na migongano ya vitu, zimefungamanishwa na kasi ya fremu, hata mchezaji akiiachia kasi ipande mno vikombe na sahani huruka mezani mara tu aingiapo chumbani. Aidha, hesabu ya fremu peke yake humhadaa mtu. Modi inayosemwa kwamba hupunguza fremu tano haijaelezwa gharama yake hata kidogo, maana kushuka kutoka fremu 60 hadi 55 ni gharama ya milisekunde moja na nusu, lakini kushuka kutoka 30 hadi 25 ni gharama ya milisekunde 6.7, yaani zaidi ya mara nne, ijapokuwa tano ni tano. Ndiyo sababu wajuzi wa mambo haya huacha kutazama fremu, wakatazama milisekunde, ambazo hujumlishwa na kutolewa kama fedha.

Baada ya kujua kiasi cha mkoba, lazima ijulikane ni nani anayeutumia. Prosesa, kadi, na kumbukumbu iliyomo ndani ya kadi ni wabebaji watatu tafauti, na kila mmoja akizidiwa huonyesha dalili yake. Njia ya kuwatambua ni nyepesi, nami nashangaa kwamba wengi huiruka: simama mahali pamoja penye mambo mengi, kwa mfano sokoni mjini Whiterun saa sita mchana, kisha punguza ukubwa wa picha kutoka pikseli 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Kadi imepunguziwa kazi ya pikseli zaidi ya nusu, kutoka takriban milioni 2.07 hadi chini ya milioni moja. Basi ikiwa kasi imepanda, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa, na ikiwa haikutikisika, prosesa ndiyo inayosubiriwa, na hapo hakuna faida yoyote ya kufuta modi za nuru wala za maji. Kumbukumbu ya kadi ina dalili ya namna nyingine kabisa: kasi ya wastani huwa nzuri, lakini mchezaji akigeuza kichwa ghafla au akivuka kutoka uwanda mmoja kwenda mwingine picha huganda kitambo, ikaendelea, ikaganda tena. Mtu akidhani kwamba kadi yake ni dhaifu akaenda kununua nyingine yenye nguvu zaidi lakini yenye kumbukumbu ile ile, fedha zake zimepotea na mgando umebaki.

Habari ya kumbukumbu ina historia ndefu katika gemu hii, na inafaa kusimuliwa, kwa kuwa mafunzo mengi ya leo yalizaliwa katika dhiki ya miaka ile ya mwanzo. Skyrim ya 2011 ilikuwa programu ya biti 32. Ilipotoka iliweza kutumia gigabaiti mbili tu za anuani za kumbukumbu, na marekebisho ya Desemba mwaka huo huo yakaifikisha nne. Fauka ya hayo ilitumia DirectX 9, ambayo kwa desturi yake iliweka nakala ya kila tekscha, yaani kila picha bapa inayovikwa juu ya umbo, katika kumbukumbu ya kompyuta pia, mbali na ile iliyokwisha pelekwa kwenye kadi. Hata mtu mwenye kompyuta ya gigabaiti 16 na kadi ya fahari alijikuta gemu yake inazimika ghafla katikati ya vita, si kwa uchache wa mali bali kwa ufinyu wa anuani. Aliyeifungua pingu hiyo kwa hila ya kusifika ni Boris Vorontsov, mwandishi wa ENBSeries, ambaye aliifanya programu yake izihamishie nakala zile kwenye programu ya pembeni iitwayo enbhost, yenye anuani zake yenyewe, na gemu ikapata nafasi ya kupumua. Nasema ni hila ya kusifika kwa sababu hakuwa na msimbo asilia wa gemu. Alisimama kati ya gemu na DirectX, akasikiliza maombi yanayopita, akayajibu kwa njia bora kuliko mwenye nyumba. Tarehe 28 Oktoba 2016 ilipotoka Special Edition, ya biti 64 na DirectX 11, ukuta wa gigabaiti nne ulibomoka. Lakini wengi walidhani kwamba mipaka yote imeondoka pamoja nao, wakavika kila kitu tekscha za pikseli 4096 kwa 4096, na hapo ukuta wa kadi ukadhihirika.

Na tufanye hisabu. Tekscha ya pikseli 4096 kwa 4096 ina pikseli zaidi ya milioni 16, takriban mara nane ya skrini nzima ya 1920 kwa 1080. Ikibanwa kwa mtindo wa BC7, unaotumia baiti moja kwa pikseli, huchukua megabaiti 16, na pamoja na nakala zake ndogo ndogo ambazo kadi huzitumia kwa vitu vilivyo mbali, hufika megabaiti 21 na theluthi. Isipobanwa huzidi 85. Tena karibu kila kitu kina mafaili mawili, moja la rangi na jingine la kuonyesha mabonde na vilima vya uso wake, basi kitu kimoja tu hula megabaiti karibu 43. Vitu 100 vya namna hiyo vikikutana mbele ya macho, navyo hukutana kwa wepesi katika duka moja la bidhaa mchanganyiko mjini Riverwood, vimekwisha kuzidi gigabaiti nne. Vitu hivyo hivyo kwa tekscha za 1024 vingekula chini ya megabaiti 270.

Nimeitaja gigabaiti nne kwa makusudi. GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye kumbukumbu ya kiasi hicho, haihitaji zaidi ya wati 75, kwa hiyo hukubali kuingizwa katika kompyuta za ofisini zilizotumika, zile zinazoletwa kutoka Ulaya na kuuzwa Nairobi na Dar es Salaam, bila ya kubadilisha kifaa cha umeme. Ni kadi ya mtu wa kipato cha kawaida, nayo inafaa kuwa kipimo chetu. Kumbukumbu yake husomwa kwa kasi ya gigabaiti 112 kwa sekunde. Ikijaa, ziada hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta na kufuatwa kupitia njia ya PCI Express, ambayo kwa ubora wake katika zama za kadi hiyo haifikishi gigabaiti 16 kwa sekunde. Hiyo ndiyo asili ya ule mgando wa kugeuza kichwa: kitu kilichotarajiwa kuwa mkononi kinaendewa ghalani, kwa mwendo wa pole mara saba.

Swali basi ni wapi tekscha kubwa inastahili kuwekwa, na hapa wachoraji wa nakshi wa Lamu na Unguja wana la kutufundisha, maana katika mlango wao uhodari wote wa patasi umekusanywa juu ya kizingiti, katika miimo na katika mfaa wa katikati, ambako jicho la mgeni hutua, na mbao zenyewe za mlango zikaachwa laini. Katika Skyrim jicho hutua juu ya mwamba. Miamba ya nchi nzima imevikwa kwa tekscha chache zinazorudiwa kila mahali, kutoka Falkreath hadi Winterhold, na mchezaji akipanda mlima huisogelea hadi ikajaza skrini. Kwa hiyo tekscha ya 4096 iliyowekwa kwenye mwamba hugharimu megabaiti zake mara moja tu, ikaonekana saa zote. Gurudumu la jibini lililo juu ya meza lina gharama ile ile likivikwa tekscha ile ile, nalo kwa umbali wa kawaida halijazi hata pikseli 200 kwa 200 za skrini, kiasi kwamba kadi, kwa busara yake, huiacha ile picha kubwa na kuchukua nakala ndogo ya pikseli 256, huku picha kubwa ikiendelea kukalia nafasi bila ya kutazamwa na mtu. Sipendi kumkosoa aliyechora jibini kwa ustadi mkubwa kiasi hicho, kwa kuwa mapenzi yake kwa kazi yako wazi. Lakini mwenye kadi ya gigabaiti nne na achukue toleo la 1024, ambalo watungaji wengi hulitoa pamoja na lile kubwa, na hataona tafauti ila akiinama juu ya meza.

Yako pia mapambo ambayo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na faida, na nalitaja moja kwa heshima: ule mradi wa Static Mesh Improvement Mod, ujulikanao kwa kifupi SMIM, ambao haukuongeza tekscha kwanza bali ulisahihisha maumbo. Katika gemu ya asili kamba iliyofungwa bandarini ilikuwa na pembe kama ubao, mnyororo ulikuwa picha bapa iliyochorwa pete, na tundu lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limepakwa rangi nyeusi tu. Mradi huu uliipa kamba umviringo wake na mnyororo pete zake. Pembetatu zilizoongezwa si kitu kwa kadi yoyote ya miaka hii, kwa sababu kadi za sasa huchora mamilioni ya pembetatu bila ya kuhema. Kinachozichosha ni pikseli na kumbukumbu, na kinachoichosha prosesa ni idadi ya amri. Umbo bora lililochukua nafasi ya umbo baya, kitu kimoja kwa kitu kimoja, haliongezi amri hata moja.

Vivuli ndivyo vinavyonifurahisha kuliko yote, kwa sababu ndani yake uzuri na kasi, ambavyo tumezoea kuviona vikigombana, huweza kupatana. Kivuli cha jua huchorwa kwanza katika picha ya pembeni, kana kwamba jua lenyewe linaitazama nchi, kisha picha hiyo hutandazwa juu ya ardhi mpaka masafa yaliyoamriwa katika mipangilio, kwa jina la fShadowDistance. Masafa yakiwa 8000 kwa vipimo vya gemu, ambavyo 70 hivi hufanya mita moja, picha hutandazwa mbele ya mchezaji kwa zaidi ya mita 110, nayo hunyooka kama kitambaa kidogo kilichovutwa juu ya kitanda kikubwa, hata kivuli cha jani karibu na mguu wake kikawa na meno kama ya msumeno. Mtu wa kawaida akiona meno hayo hupandisha picha ya kivuli kutoka 2048 hadi 4096, akazidisha pikseli mara nne na kuichosha kadi. Mjuzi hupunguza masafa kutoka 8000 hadi 4000. Pikseli zile zile sasa zimekusanyika katika eneo dogo zaidi, meno yamelainika, na fauka ya hayo miti na nyumba zilizo nje ya mita 57 haziamriwi tena kuchorwa mara ya pili kwa ajili ya vivuli vyao, basi prosesa nayo imetuliwa mzigo. Kinachopotea ni vivuli vya mbali, navyo vikikosekana uwandani huonekana; ndiyo maana kila mmoja atafute kipimo chake kati ya viwili hivyo, akiwa amesimama nje ya lango la Whiterun jioni, wakati vivuli ni virefu.

Nyasi ni kinyume chake. Hazina suluhu ya bure. Kila jani limekatwa kutoka picha yenye sehemu zisizoonekana, na majani yamepangwa moja nyuma ya jingine, hivi kwamba pikseli moja ya skrini huweza kupimwa mara nyingi kabla kadi haijajua rangi yake. Mipangilio ya gemu ina kigezo kiitwacho iMinGrassSize, ambacho kwa asili ni 20, na kukipandisha huzichanganua nyasi zikawa chache. Kwa modi za nyasi nene, kati ya 60 na 80 ni pahala pa insafu: jani moja likiwa pana zaidi huficha upungufu wa wenziwe, na uwanda hubaki umejaa machoni pa anayepita kwa farasi.

Imebaki nuru, na hapa hurudi ENBSeries kwa sura yake mashuhuri zaidi, ya mchoraji wa jua, ukungu na vivuli vya pembeni mwa vitu. Kazi yake nyingi hufanywa juu ya picha iliyokwisha kuchorwa, pikseli kwa pikseli, na kwa hiyo gharama yake hufuata ukubwa wa skrini bila ya kujali kama mchezaji yuko pangoni au mlimani. Anayehamia skrini ya 3840 kwa 2160 amezidisha pikseli mara nne, na bei ya nuru hupanda pamoja nazo. Ndani yake kuna kivuli kile chepesi kinachotua pembeni ya ukuta na chini ya meza, ambacho nakihesabu kuwa johari ya mapambo yote, kwa kuwa bila yake vitu huelea na pamoja nacho vitu hukaa. Huweza kupigiwa hisabu kwa nusu ya upana na nusu ya urefu wa picha, yaani robo ya pikseli, kwa kigezo cha SizeScale, na kwa kuwa kivuli hicho ni laini kwa tabia yake, jicho halitambui kilichopunguzwa. Utiaji ukungu wa vitu vya mbali, ule unaoigiza lenzi ya kamera, ningeufuta kabla ya kugusa kingine chochote: hutumia muda mwingi, na huificha ile milima ambayo kwa ajili yake tulitoa megabaiti zetu.

Kwa habari ya milima ya mbali, yako matamanio mengine yenye hatari, nayo ni kukipandisha kigezo cha uGridsToLoad kutoka 5 hadi 7 ili nchi kamili ionekane mbali zaidi. Tano kwa tano ni viwanja 25, saba kwa saba ni 49. Prosesa inaamriwa kuendesha watu, wanyama na matukio katika eneo karibu mara mbili, na athari yake huandikwa ndani ya hifadhi ya mchezo, hata kurudi nyuma kukawa na mashaka. Programu iitwayo DynDOLOD hufika pale pale kwa njia ya halali, kwa kutayarisha mapema, kabla gemu haijawashwa, nakala nyepesi za miti, minara na maporomoko ya maji, zikasimamishwa upeoni bila uhai wowote ndani yake. Utayarishaji wake ni wa saa kadhaa katika kompyuta ya pole, lakini ni saa zinazolipwa mara moja nje ya milisekunde 16.7, wala hazidaiwi tena ila pale modi za miti au ardhi zinapobadilishwa.

Kila badiliko miongoni mwa haya na lipimwe peke yake, kwa hifadhi ile ile, saa ile ile na hali ile ile ya hewa, na njia ipitwe mara mbili kabla ya kuandika namba, kwa kuwa mara ya kwanza diski ndiyo inayopimwa. Wala namba hizo zisichukuliwe mahali pa utulivu. Riverwood asubuhi, bila upepo, haiwezi kumwonyesha mtu mfumo wake utakavyokuwa siku joka litakapotua uwandani wakati wa mvua, askari wanatupa mishale, moto na moshi vimetandaa skrini nzima, na kila chembe ya moshi inapimwa juu ya kila jani la nyasi. Kwa hiyo anayepata milisekunde 16 kamili Riverwood amekwisha kutumia zote. Na afute, apunguze, mpaka Riverwood imgharimu 12 au 13, na zile tatu au nne zilizobaki aziachie joka.